VVU vinatokaje kwenye seli bila kuipasua?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili. Tulifundishwa kwamba virusi vikishazaliana ndani ya seli, seli hupasuka navyo vikamwagika nje. Lakini nimeona picha ya hadubini ya elektroni inayoonyesha Virusi vya Ukimwi vikichomoza kimoja kimoja kwenye utando wa seli ambayo bado ni nzima. VVU vina jeni tisa tu. Vinapata wapi uwezo wa kukata utando wa seli na kuuacha umejifunga bila tundu? Na kama njia hiyo inajulikana, mbona hakuna dawa ya kuiziba?

Jibu: Marahaba. Tuanze na hesabu, maana umeigusa mwenyewe. Jenomu ya VVU, yaani maelekezo yake yote ya kijenetiki, ina urefu wa herufi 9,700 hivi, na jeni zake tisa hutoa protini 15. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Katika zile protini 15 za kirusi hakuna hata moja inayojua kukata utando. Anayekata ni seli yenyewe, kwa protini zake, na kirusi huziita protini hizo kwa kuzionyesha kipande kifupi cha asidi amino nne. Hilo ndilo jibu kwa kifupi. Kinachobaki ni kueleza zinaletwaje, kwa nini zinaitika, na kwa nini kuzizuia kuna hatari zake.

Kupasuka ulikofundishwa kupo. Virusi vya polio havina utando. Ni ganda la protini lililofunika RNA, molekuli inayobeba jeni zake, basi. Vikijaa ndani ya seli, mara nyingi seli hufa na kumwaga kilichomo. Virusi vingi vinavyoshambulia bakteria vina utaratibu mkali zaidi: hutengeneza protini iitwayo holini, inayokaa kimya kwenye utando wa bakteria hadi wakati wake ufike, ndipo inautoboa. Kimeng'enya kingine hupita kwenye matundu hayo, kikala ukuta wa nje, bakteria akalipuka. Mifano hii ni rahisi kuchora ubaoni, na nadhani ndiyo sababu wanafunzi wengi humaliza shule wakiamini kwamba virusi vyote viko hivyo.

VVU, mafua, Ebola, surua, homa ya ini ya aina B na korona viko kundi jingine. Hivi huvaa utando wa mafuta, na kwa kuwa kirusi hakiwezi kutengeneza mafuta, utando huo lazima kiuchukue kwa seli. Kwa VVU, kutoka na kuvaa ni tendo moja: kirusi kinajifunga kipande cha utando wa nje wa seli, kipande hicho kinakatwa, na seli inabaki imejifunga. Faida yake ni kubwa. Seli haifi papo hapo, inaendelea kuzalisha. Kwa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, hukadiriwa kwamba virusi vipya takriban bilioni 10 hutengenezwa kila siku.

Sasa tukitazame kirusi kimoja kikijengwa.

Protini inayobeba karibu mzigo wote inaitwa Gag. Ni mnyororo wa asidi amino 500 hivi, unaotengenezwa na ribosomu za seli, viwanda vyake vya protini, zikisoma RNA ya kirusi kama zisomavyo RNA nyingine yoyote. Gag ikiwa bado inatoka kwenye ribosomu, seli huondoa asidi amino ya kwanza, kisha hubandika mkia wa mafuta wenye kaboni 14 kwenye ile ya pili, ambayo ni glisini. Kimeng'enya kinachobandika ni chetu. Kazi yake ya kila siku ni kuzitia mkia wa namna hiyo protini zetu zinazotakiwa kunata kwenye utando. Kinachokiongoza ni mpangilio wa asidi amino chache za mwanzo, na Gag inao mpangilio huo. Kimeng'enya hakina namna ya kujua kwamba kinamhudumia mgeni. Ishike hoja hii ya kufanana, maana utaikuta tena na tena hadi mwisho wa safari ya kirusi.

Mkia peke yake hautoshi, kwa sababu seli imejaa tando za kila aina: za kiini, za mitokondria, za vifuko vya usafirishaji. Gag inapaswa kufika kwenye utando wa nje. Karibu na mkia wake kuna fungu la asidi amino zenye chaji chanya, na upande wa ndani wa utando wa nje kuna mafuta yenye chaji hasi yaitwayo PI(4,5)P2, ambayo hayapatikani kwa wingi kwenye tando nyingine. Seli huyatumia mafuta hayo kama alama ya kuutambulisha utando wake wa nje. Gag hufuata alama hiyo hiyo.

Zikishafika, molekuli za Gag husimama wima, mikia imezama kwenye utando, mwili ukielekea ndani ya seli. Sehemu ya katikati ya kila moja hushikana na majirani kwa mpangilio wa pembe sita, na sehemu inayofuata, yenye vidole viwili vya zinki, hukamata RNA ya kirusi, nakala mbili kwa kila kirusi. Wavu huu wa pembe sita hauwezi kukaa bapa. Umbo la Gag linaulazimisha kujikunja, na kwa kuwa umenata kwenye utando, utando nao unakunjika na kutokeza nje. Gag zinazidi kuja, uvimbe unazidi kukua. Baada ya dakika 5 hadi 10 hivi, na molekuli za Gag zikiwa zimefika kama 2,500, kuna tufe lenye kipenyo cha nanomita 100 hadi 150 limechomoza juu ya seli, limeshikiliwa na shingo nyembamba.

Hapo Gag imefika mwisho wa uwezo wake. Ilikuwa na nguvu ya kukunja utando, haina nguvu ya kuukata.

Tumelijua hili kutokana na virusi vilivyoharibiwa kwa makusudi. Mwisho wa mnyororo wa Gag kuna kipande kidogo cha asidi amino 52 kiitwacho p6. Mwaka 1991 Heinrich Göttlinger na wenzake walionyesha kwamba ukikiharibu kipande hicho, Gag hutengenezwa kama kawaida, hufika kwenye utando kama kawaida, hujenga tufe kama kawaida, halafu mambo yanasimama. Kwenye hadubini unaona seli iliyojaa machipukizi yaliyokwama, kila moja na shingo yake, mengine yakiwa yameota juu ya mengine. Uharibifu mdogo kabisa unaotosha kuleta hali hiyo uko kwenye asidi amino nne za p6: prolini, threonini, alanini, prolini. Kwa herufi, PTAP.

Kwa miaka kumi hivi hakuna aliyeweza kueleza herufi nne zinafanya nini. PTAP haina umbo la kimeng'enya, haina pa kufungia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, haikati chochote. Jibu lilitoka upande ambao watu wa virusi hawakuwa wakiutazama: utafiti wa hamira.

Maabara ya Scott Emr nchini Marekani ilikuwa ikichunguza namna seli za hamira zinavyotupa protini zilizochakaa. Protini ya utando ikichakaa, hupigwa muhuri wa ubikwitini, protini ndogo inayobandikwa kama alama, ikaingizwa kwenye kifuko kiitwacho endosomu, na humo ndani utando wa endosomu hujikunja kuelekea ndani na kukata vifuko vidogo, ambavyo baadaye humeng'enywa pamoja na mizigo yao. Mwaka 2001 na 2002 maabara hiyo ilieleza makundi ya protini yanayofanya kazi hiyo kwa zamu, na kuyaita ESCRT, la kwanza, la pili na la tatu. Mwaka huo huo wa 2001 makundi matatu ya watafiti wa VVU, wakiwemo Wesley Sundquist wa Chuo Kikuu cha Utah, Paul Bieniasz na Carol Carter, yaligundua kwamba PTAP hushikwa na protini ya binadamu iitwayo TSG101. Nayo TSG101 ni sehemu ya ESCRT ya kwanza.

Hapa inafaa nikuonyeshe kwa nini kirusi hakikuwa na mahali pengine pa kugonga hodi. Seli ina njia nyingi za kukata tando, lakini njia zinazojulikana zaidi, kama ile ya protini ya dainamini, hukata vifuko vinavyoingia ndani ya seli. Dainamini hujizungusha shingoni mwa kifuko kwa nje na kubana. Chipukizi la VVU limeelekea upande wa pili: saitoplazimu, ute wa ndani ya seli, iko ndani ya shingo, na nje ya shingo hakuna kitu ila majimaji ya mwili, ambako protini za seli hazifiki. Ni kama kufunga mdomo wa mfuko kwa kamba wakati anayekaza kamba yuko ndani ya mfuko. Sasa fikiria kifuko kinachokatwa ndani ya endosomu: nacho kinatokeza mbali na saitoplazimu, na wakataji wako ndani ya shingo. Jiometria ni ile ile. ESCRT ndiyo mashine iliyozoea kukata kutoka ndani, na kirusi kimeihamisha tu kutoka kwenye endosomu hadi kwenye utando wa nje.

Inaletwaje hapo? Katika seli yenye afya, anayeileta TSG101 kwenye endosomu ni protini nyingine yetu iitwayo HRS. HRS hufanya hivyo kwa kumwonyesha TSG101 kipande cha asidi amino nne: prolini, serini, alanini, prolini. PSAP. Ilinganishe na PTAP ya kirusi. Tofauti ni asidi amino moja, na serini na threonini zenyewe ni ndugu wa karibu kikemia. TSG101 ina mfereji wa kupokea kipande hicho, wenye kishimo ambamo alanini na prolini ya mwisho huzama. Kishimo hicho hupokea cha HRS na cha Gag vile vile. Kwa maoni yangu hakuna mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha namna kirusi kinavyofanya kazi ndani ya seli. Watu hupenda kusema virusi "huiamuru" seli au "huiteka", na ukisikia hivyo unafikiria nguvu. Nguvu haipo. Kirusi kimevaa sare ya mfanyakazi wa humo humo, na seli inafuata utaratibu wake wa siku zote.

Kirusi pia kina akiba. Mbele kidogo kwenye p6 kuna kipande kingine, kinachoshikwa na protini ya binadamu iitwayo ALIX, jambo lililojulikana mwaka 2003. ALIX huenda moja kwa moja kwa wakataji bila kupitia TSG101. Katika VVU njia ya PTAP ndiyo yenye kubeba uzito zaidi, lakini kirusi cha farasi kinachofanana na VVU, kinachosababisha upungufu wa damu, kinategemea ALIX.

Wakataji wenyewe ni ESCRT ya tatu, protini ndogo ziitwazo CHMP. Zikiwa kwenye saitoplazimu kila moja imejikunja peke yake na haina madhara. TSG101 au ALIX ikishakaa shingoni mwa chipukizi, CHMP huitwa, hujikunjua, na hushikana moja na nyingine kuwa nyuzi zinazojizungusha kwa ndani ya shingo. CHMP4 ndiyo uzi mkuu. CHMP2 na CHMP3 huongezeka na kubadilisha umbo lake. Kisha huja VPS4, kimeng'enya chenye vipande sita vilivyopangwa kama pete. Hutumia nishati ya ATP kuzivuta CHMP moja moja kupita kwenye tundu la katikati yake na kuzitawanya. Uzi ukivutwa na kupangika upya, shingo inabanwa hadi kuta zake za mafuta zigusane na kuungana, na papo hapo kuna tando mbili zilizofungika: ya seli na ya kirusi. Kamera zilizofuatilia seli hai zimeonyesha VPS4 ikifika mwishoni kabisa, Gag zikiwa zimeshakamilika, ikikaa kwa muda mfupi na kuondoka. Gag imejenga kwa dakika kadhaa bila kutumia ATP katika kukunja utando. Nishati inalipwa mwishoni, na anayelipa ni seli.

Usidhani huu ni ujanja wa VVU peke yake. Protini ya Ebola inayofanya kazi kama ya Gag inaitwa VP40, nayo ina nguvu kiasi kwamba ukiitia peke yake kwenye seli, bila protini nyingine yoyote ya Ebola, seli huanza kutoa nyuzi zenye umbo la Ebola zisizo na kitu ndani. Karibu na mwanzo wake kuna herufi saba: PTAPPEY. Zisome vizuri. Nne za kwanza ni PTAP, ile ile ya TSG101. Nne za mwisho ni PPEY, ambayo hushikwa na kimeng'enya chetu kiitwacho NEDD4, mmoja wa wapiga mihuri ya ubikwitini niliyoitaja. Prolini moja inatumika katika anwani zote mbili. Muhuri wa ubikwitini nao ni njia ya kuifikia ESCRT, kwa sababu ESCRT huitambua mihuri hiyo. Kirusi cha Marburg, ndugu wa Ebola, kina anwani ya NEDD4. Anwani hizi zinaweza hata kubadilishana nafasi: toa ya kirusi kimoja, weka ya kingine, na mara nyingi chipukizi linakatika vizuri.

Homa ya ini ya aina A ilitushangaza zaidi. Kwa miongo mingi vitabu viliiweka kwenye kundi la virusi visivyo na utando, pamoja na polio. Mwaka 2013 ikabainika kwamba katika damu virusi hivyo husafiri vikiwa vimefunikwa utando, na ganda lao lina vipande vya kumwita ALIX. Kwenye kinyesi huonekana vikiwa uchi kwa sababu nyongo huuvua utando huo njiani. Kwa hiyo hata mpaka kati ya "wanaopasua" na "wanaochomoza" hauko safi kama tulivyofundishwa.

Mafua hayafuati njia hii. Virusi vya influenza hukatika hata VPS4 ikizuiwa. Wao wana protini yao, M2, ambayo watu huijua zaidi kama tundu la kupitisha protoni. Mkia wake wa ndani una kipande ambacho upande mmoja hupenda maji na upande mwingine hupenda mafuta, nacho hujipenyeza kwenye shingo ya chipukizi na kuikunja hadi ikatike. Korona nazo zina njia tofauti: hazichomozi kwenye utando wa nje, bali kwenye tando za ndani, kisha husafirishwa nje ndani ya vifuko vya seli.

Umeuliza kuhusu kukata, lakini kukatwa sio kuondoka, na hatua inayofuata mara nyingi husahauliwa. Uso wa seli zetu umejaa asidi sialiki, sukari ambayo kirusi cha mafua huishika kinapoingia. Kirusi kipya kikikatika, kinajikuta kimezungukwa na asidi hiyo hiyo na kunata palepale kilipozaliwa. Ndiyo maana mafua hubeba kimeng'enya cha neuraminidasi, kinachokata asidi sialiki na kukiachia huru. Dawa za zanamivir na oseltamivir, zilizoidhinishwa mwaka 1999, huziba kimeng'enya hicho. Kwa hiyo dawa ya kuzuia virusi visitoke ipo, na imekuwepo muda mrefu, ila inalenga protini ya kirusi.

VVU vina kikwazo chao. Seli yetu ina protini iitwayo tetherini, iliyotambuliwa mwaka 2008, ambayo ncha zake zote mbili zimezama kwenye utando. Utando ukikatika, ncha moja hubaki kwa seli na nyingine huenda na kirusi, na kirusi kinaning'inia hapo hapo hadi kimezwe tena. Dhidi yake VVU vina protini ndogo ya asidi amino 81, Vpu. Vpu hushika tetherini kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine humleta mpiga muhuri wa ubikwitini, ili tetherini ionekane kama taka ya kutupwa. Mfumo wa seli wa kusafisha taka unamwondoa mlinzi wa seli. Virusi vya sokwe ambavyo VVU vilitokana navyo vilitumia protini nyingine, Nef, kwa kazi hiyo, lakini tetherini ya binadamu imepungukiwa asidi amino tano pale Nef ilipokuwa ikishika. Katika kundi la VVU lililoenea duniani kote, Vpu ndiyo iliyojifunza kuimudu tetherini yetu.

Sasa dawa. Ukiziba ESCRT, VVU vinakwama. Maabara zimefanya hivyo mara nyingi kwa kutia VPS4 iliyolemazwa. Shida ni kwamba ESCRT haikai ikisubiri virusi. Seli ikigawanyika, daraja la mwisho linalounganisha seli mbili changa hukatwa na ESCRT ya tatu, ikiitwa na TSG101 na ALIX zile zile. Hilo lilionyeshwa mwaka 2007. Utando wa nje ukitoboka, ESCRT huuziba. Utando wa kiini ukijengwa upya baada ya mgawanyiko, ESCRT humalizia mianya. Mashine hii ni ya kale kiasi kwamba hata baadhi ya arkea, viumbe vya seli moja visivyo na kiini, wana protini za jamii yake wanazozitumia kugawanyika. Panya walioondolewa jeni ya TSG101 hufa wakiwa bado viinitete. Dawa ya kuziba VPS4 kabisa ingeua seli za mgonjwa pamoja na virusi, na uboho na utumbo, ambako seli hugawanyika kila siku, vingekuwa vya kwanza kuumia.

Ndiyo maana dawa zinazotumika leo hugonga kabla au baada ya hatua hiyo, kwenye sehemu ambazo ni mali ya kirusi. Gag ikishatoka nje lazima ikatwekatwe na proteasi ya kirusi ili ganda la ndani la kirusi lijipange upya. Bila hivyo kirusi kimetoka lakini hakiambukizi. Saquinavir, dawa ya kwanza ya kuziba proteasi hiyo, iliidhinishwa mwaka 1995, na kizazi chake bado kimo kwenye dawa za kufubaza VVU. Lenacapavir, iliyoidhinishwa mwaka 2022 na kuchomwa mara mbili kwa mwaka, hushika ile sehemu ya Gag inayofanya wavu wa pembe sita, ikavuruga ujenzi wa virusi vipya pamoja na hatua za mwanzo za maambukizi.

Hata hivyo nisingeiondoa ESCRT kwenye orodha, kwa sababu ya habari moja iliyochapishwa mwaka 2021 na kundi la Utah. Tumbili fulani wadogo wa bara la Amerika na panya wa nyumbani, kila mmoja kwa njia yake, wana nakala ya ziada ya jeni ya CHMP3 iliyokatika mkia. Nakala hiyo iliyokatika, retroCHMP3, ikiwekwa kwenye seli hupunguza sana utokaji wa VVU, lakini seli zinaendelea kuishi na kugawanyika. Kwa hiyo kuna namna ya kuigusa mashine hii bila kuua.

Namna yenyewe ni kuichelewesha. RetroCHMP3 hukawiza ufikaji wa ESCRT ya tatu kwenye shingo. Seli inayogawanyika inastahimili ucheleweshaji huo. Daraja lake linaweza kungoja. Chipukizi la VVU haliwezi, na sababu iko ndani yake lenyewe: kati ya kila Gag 20 hivi kuna moja ndefu iliyobeba proteasi na vimeng'enya vya kunakili na kupachika jenomu. Msongamano ukishakuwa mkubwa, proteasi huamka na kuanza kukata, shingo iwe imefungwa au la. Ikiwa bado wazi, vimeng'enya vilivyoachiliwa hutiririka kurudi kwenye saitoplazimu, na hata kama kirusi kitakatika baadaye, kitatoka bila vifaa vya kuambukiza seli inayofuata.